Pikipiki ya zamani na MOT ya Uingereza: namna ya kuiandaa ipite bila kurudishwa

Wadau wenye pikipiki huku Uingereza, hasa nyie wenye vi-125 vya zamani (injini za cc 125), Honda CG, Yamaha YBR na jamaa zake, mlivyonunua kwa pauni mia kadhaa ili viwafikishe kazini, huu mwongozo ni wenu. Nimeuandika kwa sababu naona watu wetu wengi wanaandaa pikipiki kwa mtindo wa nyumbani, mtu anaanza na injini, anabadili plagi, anafungua kabureta, anamwaga oili, anaipiga polishi mpaka inang'aa, halafu anaenda MOT, ule ukaguzi wa lazima wa usalama wa kila mwaka, anafelishwa kwa taa ya breki haiwaki akikanyaga ya mguu.

Elewa hili kwanza maana ndo linaamua ufanye nini na uache nini. Mkaguzi wa MOT hana habari na injini yako. Hakagui oili, hakagui plagi, hakagui gia, na pikipiki hazipimwi moshi kama magari. Inaweza ikawa inakohoa na inakula oili na ikapita vizuri tu. Yeye anaangalia vitu vinavyokufanya usimame, ukate kona, uone na uonekane, basi. Na cha pili, adui wa pikipiki kuukuu huku sio mwendo mrefu wala vumbi, ni chumvi. Baridi ikiingia wanamwaga chumvi barabarani barafu isishike, ile chumvi inaingia kwenye kaliper (kile chuma kinachobana pedi za breki ya diski), kwenye waya, kwenye spoku, kwenye ekzosi, na pikipiki ikisimama miezi mitatu nje bila kuoshwa inaoza ikiwa imeegeshwa. Kwa hiyo muda wako upeleke huko, injini utaihudumia siku nyingine.

Mambo ya tarehe na hela

Pikipiki inaanza kudaiwa MOT ikifikisha miaka 3 tangu isajiliwe mara ya kwanza (Ireland ya Kaskazini ni miaka 4), baada ya hapo kila mwaka. Ikifikisha miaka 40 na haijabadilishwa sana inasamehewa, ila kama inabeba abiria wa kulipia au vipi soma masharti yake mwenyewe. Bei ya juu kisheria kwa pikipiki isiyo na kiti cha pembeni ni pauni 29.65, gereji nyingine zinachukua chini ya hapo. Sio kila gereji inakagua pikipiki, tafuta kibao cha bluu chenye pembetatu tatu nyeupe kisha uliza kabisa kama wanapokea pikipiki, wengine ni magari tu.

Usisubiri siku ya mwisho. Unaruhusiwa kukagua mwezi mmoja kasoro siku moja kabla ya ya zamani kuisha na bado tarehe yako ya mwakani inabaki ile ile, mfano inaisha Mei 15 unaweza kwenda kuanzia Aprili 16. Faida yake ni kwamba ukifeli kwa kitu cha kawaida bado una cheti cha zamani kinachofanya kazi na una nafasi ya kutengeneza kwa utulivu. Kuendesha bila MOT faini inaweza kufika pauni 1,000, na bila MOT huwezi kulipia kodi ya barabara pia. Bongo ile ada ya mwaka ilifutwa 2017 ikahamia kwenye mafuta, huku bado ipo na kamera zinasoma namba yako kila kona.

Kabla hujashika spana

Ingia kwenye tovuti ya serikali uangalie historia ya MOT ya namba yako, ni bure, unaandika namba tu. Itakuonyesha kila ukaguzi uliopita, ilifeli nini na mkaguzi alitoa angalizo gani. Yale maangalizo ya mwaka jana ndo orodha yako ya kwanza ya kazi, maana aliyeandika tairi la nyuma linakaribia kuisha alikuwa anakwambia mwaka huu litafeli. Na kama ndo unataka kununua pikipiki, fanya hivyo kabla hujatoa hela, ukikuta miaka minne mfululizo wanaandika kutu kwenye chuma cha fremu achana nayo.

Halafu ioshe. Sio kwa ajili ya kupendeza, ni ili uone. Maji ya kawaida na sabuni na brashi, usielekeze mashine ya presha kwenye beringi za magurudumu na kwenye hendo utasukuma maji ndani. Mkaguzi ana haki ya kukataa kuikagua pikipiki chafu kiasi kwamba haoni anachokagua.

Stepu ya 1: Taa

Huku ndiko pikipiki nyingi zinaanguka, na ndo kazi rahisi kuliko zote. Washa kila kitu, zunguka. Taa kubwa, ya chini na ya juu. Taa ya nyuma. Taa ya breki, ijaribu kwa mkono peke yake, halafu kwa mguu peke yake, maana kwa pikipiki zilizoanza kutumika kuanzia Aprili 1, 1986 zote mbili lazima ziwashe. Watu wanajaribu ya mkono wanaona inawaka wanaridhika, kumbe swichi ya mguuni ina kispring kimelegea au kimeoza. Ile swichi ina nati ya plastiki, unaizungusha mwili wa swichi unapanda au kushuka mpaka taa iwake mguu unapoanza tu kugusa. Bado haijawaka? Toa waya zake mbili uziunganishe, taa ikiwaka ujue swichi imekufa, mpya ni pauni chache.

Balbu ya nyuma kwenye pikipiki nyingi za zamani ni moja yenye nyuzi mbili, volti 12, wati 21 na 5, ya kubonyeza na kuzungusha. Vile vipini vyake pembeni havilingani urefu makusudi, ukiilazimisha kinyume ya breki na ya usiku zinabadilishana. Kabla hujanunua balbu mpya toa ile ya zamani uangalie ndani ya soketi, mara nyingi balbu ni nzima ila soketi imejaa kutu ya kijani. Msasa laini, dawa ya kusafishia umeme, ukiweka na kagrisi kidogo kazi imeisha. Na taa ikiwa hafifu au indiketa zikiwaka kwa pamoja na kitu kingine ambacho hujawasha, hapo tatizo ni erthi, fuata waya mweusi au wa kijani mpaka ulipofungwa kwenye fremu, fungua, sugua chuma king'ae, funga tena.

Indiketa ziwe za njano na ziwake mara 60 mpaka 120 kwa dakika, hesabu kwa saa ya simu. Zikienda taratibu sana mara nyingi betri imechoka, zikienda mbio sana labda mtu aliweka balbu za LED na flasha ya zamani (kile kifaa kinachoziwasha na kuzizima) haiwezi kuzihesabu, weka flasha ya LED au rudisha balbu za kawaida. Pikipiki iliyoanza kutumika kabla ya Agosti 1, 1986 hailazimiki kuwa na indiketa kabisa. Halafu reflekta nyekundu ya nyuma, hii wanaisahau sana wale waliokata mkia wa pikipiki ipendeze. Lazima iwepo.

Mwanga wa taa kubwa mkaguzi anaupima kwa mashine. Nyumbani egesha mita 4 hivi kutoka ukutani sehemu tambarare, kaa juu yake au mwambie mwenzio akae, pima kimo cha taa kutoka chini weka alama ukutani kimo hicho hicho, halafu washa ya chini. Mwanga mkali ukatike chini kidogo ya alama. Ukiwa juu ya alama unawapofua watu na unafeli. Kama pikipiki ililetwa kutoka Ufaransa au Ujerumani kuwa makini, taa yake inaweza kuwa imetengenezwa kumulika zaidi kulia, huku tunaendesha kushoto kama nyumbani kwa hiyo itabidi kioo cha taa kibadilishwe.

Honi ilie mlio mmoja mfululizo, sio kikohozi. Ikinong'ona kaza au legeza kile kiskurubu kidogo nyuma yake robo robo mpaka ifunguke.

Stepu ya 2: Hendo na shokapu

Weka stendi ya kati, mwenzio akalie nyuma gurudumu la mbele linyanyuke. Zungusha hendo taratibu kwa vidole viwili kutoka mwisho wa kushoto mpaka mwisho wa kulia. Ikitaka kujikamata yenyewe pale katikati, kama vile kuna kishimo kidogo inakiangukia, beringi za hendo zimekwisha, usijidanganye kwa kukaza nati maana utaifanya ngumu tu na kishimo kitabaki. Sasa shika shokapu mbili kwa chini vuta mbele sukuma nyuma, ikigonga hapo ndo inahitaji kukazwa. Na ukizungusha mpaka mwisho hakikisha hakuna waya unaovutika na mikono yako haibanwi na tenki, kisha kishikio cha mafuta kirudi chenyewe ukikiachia, hendo ikiwa pande zote. Raba za kushikia zikizunguka zenyewe ni kufeli, gundi yake ipo, dawa ya nywele nayo inashika vizuri tu.

Shokapu za mbele, shusha pikipiki, shika breki, bonyeza mara kadhaa. Oili ikitoka kwenye sili na kuchuruzika ni kufeli. Pitisha ukucha kwenye bomba linalong'aa, kutu ikiota vipele pale sili inapopita, ukibadili sili bila kusugua vile vipele sili mpya itachanika ndani ya wiki. Nyuma, shika gurudumu sukuma kushoto kulia, uma wa nyuma ukicheza bushi zimeisha. Hii kwa CG na wenzake sio kazi ya kutisha ila ekseli yake ya zamani inakuwaga imeganda, ipake dawa ya kulegeza kutu siku kadhaa kabla.

Stepu ya 3: Tairi na magurudumu

Mistari ya tairi iwe na kina cha milimita 1 angalau, kwa robo tatu ya upana wake na kuzunguka tairi zima. Kwa zile zisizozidi cc 50 inatosha mistari ionekane. Watu wa delivari wanaendesha barabara zilizonyooka siku nzima kwa hiyo tairi linakuwa kipara katikati huku pembeni bado zima, na mkaguzi anapima katikati hapo hapo. Angalia mshale wa upande wa kuzunguka pembeni mwa tairi, lililofungwa kinyume linafelishwa. Zile tarakimu nne za mwisho kwenye duara pembeni ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, 2314 maana yake wiki ya 23 mwaka 2014. Umri peke yake haukufelishi lakini tairi la hivyo kwenye mvua ya Novemba mimi silipandi, hata kama karatasi inasema limepita.

Spoku zigonge moja moja kwa bisibisi, ilegeayo inalia tofauti, iliyokatika haisemi kitu. Gurudumu lishike juu na chini ulitikise, likicheza beringi zimeisha. Lizungushe uone kama ringi inapepea.

Stepu ya 4: Breki

Hapa ndo tumia siku nzima kama unayo.

Mkaguzi anaipandisha kwenye mashine ya kuzungusha au anatumia kifaa cha kupima inavyopunguza mwendo, breki moja inatakiwa itoe ufanisi wa angalau asilimia 30 na nyingine 25. Hicho sio kiwango kikubwa, pikipiki nzima inapita bila jasho. Inayofeli ni ile iliyoganda.

Breki za drum, ambazo CG za zamani zinazo mbele na nyuma: zikisimama muda mrefu breki shuu zinakuwa laini kama kioo na kile kipini kinachozifungua kinakauka grisi. Toa gurudumu. Vumbi la ndani usilipulize kwa mdomo, shuu za zamani zinaweza kuwa na asbesto, zioshe kwa dawa ya breki ya kupuliza na kitambaa kilicholowa. Shuu za zamani hivyo usizipige msasa, badili tu, za kisasa sugua kwa msasa kuondoa ule ung'avu, na ndani ya drum pia. Chomoa kipini, sugua, paka kagrisi ka joto kali kidogo sana, kikigusa shuu umeharibu. Rudisha, kisha rekebisha waya au fimbo mpaka gurudumu lizunguke huru na mkono wa breki usifike kwenye hendo ukiukamua. Kwenye mkono wa drum kuna kimshale na alama, ukikamua breki na mshale ukafika kwenye alama, shuu zimeisha hata kama breki inashika.

Za diski: chumvi inakula vipini ambavyo kaliper inatelezea na pistoni inakwama. Dalili yake ni pedi moja kuisha na mwenzake mzima, au gurudumu kuwa zito kuzungusha. Ifungue kaliper bila kuchomoa mpira wake, toa pedi, kamua mkono wa breki kidogo pistoni itoke milimita chache (isitoke yote!), isugue na mswaki wa zamani uliolowa mafuta ya breki, irudishe ndani kwa mkono. Fanya hivyo mara tatu. Vipini vya kutelezea visugue, weka grisi ya silikoni. Pedi zikibaki chini ya milimita 2 badili tu, hazina bei. Mafuta ya breki yakiwa rangi ya chai mwaga weka mapya ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, mengi ni DOT 4, yananyonya maji hewani na ndo maana yanabadilishwa kila miaka 2. Mkono ukiwa laini kama sponji kuna hewa, toa hewa mpaka uwe mgumu. Na kumbuka yale mafuta yanakula rangi, funika tenki.

Usisahau ile fimbo inayoizuia sahani ya breki ya drum ya nyuma isizunguke, nati yake iwe imekaza na pini yake iwepo. Pini ya ekseli pia. Mkaguzi anaziangalia hizi kwa macho tu na akikosa pini hana mjadala.

Stepu ya 5: Cheni, ekzosi, mafuta

Cheni isilegee kupita kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu, ipime sehemu tofauti tofauti kwa kuzungusha gurudumu maana cheni iliyochoka inakaza hapa inalegea pale, ya hivyo badili pamoja na spoketi zake. CG za zamani cheni imefunikwa yote na kuna kizibo cha mpira cha kuchungulia, wengi hawajawahi kukifungua. Ukikaza, alama za pande mbili zilingane, na bado hakikisha kwa kamba ndefu kuanzia gurudumu la nyuma mpaka la mbele, kwa sababu magurudumu yasiyonyooka nayo yanakaguliwa.

Ekzosi inaoza kwa chini, safari fupi fupi zinaacha maji ndani. Ukisikia inapiga pu-pu-pu pitisha mkono karibu (usiguse) uone hewa inatokea wapi. Katundu kadogo simenti ya ekzosi itaziba ikashika, ila ikishaoza kiasi cha kubonyea kwa kidole nunua nyingine. Na ekzosi za kelele zilizochorwa kwamba sio za barabarani zinafelishwa kwa hayo maandishi tu.

Mafuta yakivuja ni hatari na mkaguzi anaweza kuandika hivyo hivyo hatari. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida huku ni E10, ina pombe mpaka asilimia 10, na mipira ya pikipiki za kabla ya miaka ya 2000 haiipendi, inavimba au kupasuka. Badili mipira ya mafuta yote kwa ya kisasa, na weka petroli ya E5 (pombe mpaka asilimia 5) kama unaiacha isimame.

Stepu ya 6: Vidogo vidogo

Namba ya nyuma iwe ya njano, isomeke, herufi kimo cha milimita 64, bila skrubu nyeusi inayogeuza herufi kuwa nyingine. Namba ya fremu kwa pikipiki za kuanzia Agosti 1980 isomeke, kama mtu alipaka rangi juu yake ikwangue taratibu. Siti isicheze, vikanyagio vikaze, mikono ya breki na klachi isiwe imevunjika. Fremu igonge kwa mpini wa bisibisi pale kutu ilipo, hasa karibu na uma wa nyuma na stendi.

Siku yenyewe

Jaza upepo asubuhi tairi zikiwa baridi. Nenda na mwendo wa kutosha betri ipate chaji, indiketa zitakushukuru. Kama MOT imeshaisha unaruhusiwa kuiendesha kwenda kwenye ukaguzi uliouweka miadi, ila bima iwepo na pikipiki iwe salama. Ukifika waambie kama ina ujanja wake, mfano inawaka kwa kiki tu. Huna haja ya kupeleka makaratasi, kila kitu kiko kwenye mfumo.

Matokeo tangu Mei 2018 yana madaraja. Kasoro ndogo na maangalizo unapita nayo. Kasoro kubwa unafeli. Hatari, hiyo hairuhusiwi kuendeshwa kabisa hata kama cheti cha zamani bado kipo, ita gari la kubeba. Ukiiacha pale pale watengeneze, wakairudia ndani ya siku 10 za kazi marudio hayalipiwi. Ukiichukua ukaenda kutengeneza mwenyewe ukairudisha kabla siku ya kazi inayofuata haijaisha, vitu vingi vidogo wanarudia bure, baada ya hapo mpaka siku 10 unalipa sehemu. Kwa hiyo panga miadi asubuhi ya Jumatatu au Jumanne, maduka ya spea yakiwa wazi, sio Ijumaa jioni.

Wa London, MOT kupita haina uhusiano na ULEZ, ile tozo ya jiji kwa vyombo vinavyochafua hewa. Pikipiki isiyofikia Euro 3 (kiwango cha Ulaya cha moshi), nyingi za kabla ya Julai 2007, inalipa pauni 12.50 kila siku ukiiendesha, na tangu Agosti 29, 2023 ni London nzima. Angalia namba yako kwenye tovuti ya TfL (mamlaka ya usafiri ya London) kabla hujatumia hata senti kwenye spea.